Maji Yaliyoachwa na Dhahabu

"Wananchi wa shehia hii mnatangaziwa kwamba kamba ya Kisima cha Bi Zuwena, iliyokuwa ya buluu, imeondolewa kwa kuchakaa, na mahali pake pamewekwa kamba ya kijani. Rangi ya kamba mpya haina maana yoyote zaidi ya kuwa ndiyo iliyokuwapo dukani. Mnaombwa kuipokea kwa utulivu."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa msikiti, likagongwa muhuri mara mbili, na kwa juma zima halikupata mshindani katika mazungumzo ya mtaa. Wapo walioshikilia kwamba dukani kulikuwa na kamba nyeupe. Riyama binti Simai alilisoma akiwa foleni, chupa mbili za kioo mkononi, akawaza kwamba watu wanaoweza kubishana namna hii juu ya kamba huenda siku moja wakabishana na juu ya maji. Katika mawazo yote aliyowahi kuwa nayo kisimani pale, hilo ndilo lililokuwa na matumaini mengi zaidi, na halikuwa sahihi.

Kisima kilikuwa wakfu. Bi Zuwena, ambaye alikwishazikwa kabla hajazaliwa yeyote kati ya waliokuwa foleni, alikitoa kwa masharti ambayo kila mtoto wa mtaa ule anayajua: maji yake asinyimwe mtu, yasiuzwe, na yakishatekwa yasimwagwe bure. Nyuma ya ukuta wa kisima zilikuwapo karakana za masonara. Sonara hamwagi njiani maji ya karai analooshea mikono na vyombo vyake, kwa sababu mna vumbi la riziki yake. Huyamwaga katika shimo la uani, matope yakatuama, na baada ya miaka huchimbuliwa yakachomwa ili kitolewe kilichomo. Humo ndimo yalimokwenda pia masalia ya tizabu, asidi ya kusafishia dhahabu, na jivu la chungu cha kuyeyushia lililokwisha kazi. Matope yalikuwa na mwenyewe. Maji yaliyopenya chini ya ukuta hayakuwa na mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakiulizwi kinakwenda wapi.

Riyama alikuwa mkemia katika maabara ndogo nje ya mji, upande wa Mwanakwerekwe. Miaka yake mitatu ya karibuni ilikuwa imeishia katika unga mweusi uliojaza kichupa kimoja. Ulikuwa ni chembe za polima, ndogo kiasi kwamba mia kadhaa zikipangwa safu moja hazivuki upana wa unywele. Kila chembe ilikuwa na kiini cha chuma, na juu yake matawi ya salfa yaliyoundwa kushika ayoni za dhahabu zilizoyeyuka majini. Ukiutia majini ukakoroga, kisha ukauita kwa sumaku, unga hurudi umebeba dhahabu na kuacha vinginevyo vyote vilivyokuwamo. Wataalamu waliousoma utafiti wake waliisifu tabia hiyo ya kuchagua kuliko sifa nyingine yoyote ya unga. Hakuna aliyeuliza vinavyoachwa vinaachiwa nani.

Aliujaribu kwanza karakanani kwa Talib, sonara wa tatu katika ukoo wake, mtu mwenye vidole vilivyoungua na ulimi usiochoka. Walitia unga katika gilasi ya maji ya karai, Riyama akasogeza sumaku ubavuni, na weusi wote ukakimbilia kwenye kioo kama uliotishwa.

"Lo! Unga wako mlafi kuliko sonara," Talib alisema. "Sonara angalau huacha kidogo ndani ya kucha."

"Si mlafi, unachagua. Tia shaba, tia zinki, tia risasi, vyote utavipita. Unashika dhahabu tu."

"Anayechagua namna hiyo, Bi Riyama, mji huu huzeekea kwao."

Riyama, ambaye hakuwa ameolewa, aliandika kipimo chake na kuomba gilasi nyingine.

Siku ile ile alipima maji ya kisima. Dhahabu ilikuwamo: ukikikausha kisima kizima hupati ya kutosha msumari wa kipuli, lakini ilikuwamo, na mashine iliiona. Mashine iliona na risasi pia, ile inayotiwa ndani ya betri za magari, na hiyo ilikuwa imepita mara nyingi kiwango ambacho mtu anaruhusiwa kunywa. Riyama alikitazama kipimo hicho cha risasi kwa muda mrefu. Kilichopimwa mara moja, alijiambia, bado hakijapimwa, na alikuwa sahihi. Wafadhili walikuwa wamekwisha kata tikiti kuja kusikia habari za dhahabu, na hilo nalo lilikuwa sahihi. Sababu mbili za kweli zikikutana zinatosha kuzaa uongo mmoja, wala hakuna anayelazimika kuusema.

Wafadhili walipofika, baada ya sala ya alasiri, alisimama kwenye baraza la msikiti, akashika kipaza sauti, akaeleza kwamba Kisima cha Bi Zuwena kina dhahabu na kwamba sayansi imepata njia ya kuitoa. Alitamka vizuri. Alipigiwa makofi na watu ambao hawakuwahi kumpigia makofi mwanamke pahala pale.

Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka neno "kuitoa". Lililobaki lilikuwa ni "kina dhahabu". Watu walikuja na ndoo kutoka Mwanakwerekwe, walikuja na madumu kutoka Matemwe, na wenye maradhi yaliyoshindikana hospitali walikuja na chupa ndogo, kwa adabu, kama wanaoingia kwa mwenye cheo. Maalim Kheir, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani chuoni na kuangalia kisima bila malipo, alianza kuombwa kombe la maji yale. Naye alikuwa akiwaandikia wagonjwa kombe tangu ujanani: aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha sahani ikaoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa akanywa. Hakuwahi kuwaahidi chochote. Alisema dawa ni maneno na mponyaji ni Mwenyewe. Lakini watu walitaka maneno hayo yaoshwe kwa dhahabu, naye hakuona humo dhambi ya kumfanya akatae.

Miongoni mwa waliokunywa alikuwamo Amne, mdogo wake Riyama. Mimba zake mbili za kwanza ziliharibika, na hii ya tatu alikuwa akiibeba kama mtu anayevuka uchochoro na trei ya gilasi. Mumewe, Sabri, alikuwa fundi wa majenereta hotelini Matemwe na hurudi kila Alkhamisi. Siku nyingine Amne alikaa na Riyama katika nyumba ya baba yao, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa.

Riyama alipoipima risasi mara ya pili, kipimo kilikubaliana na cha kwanza. Riyama alipanda ngazi bila kuvua viatu, akamkuta nduguye kitandani, sahani ya kombe magotini, nusu imekwisha nyweka.

"Usimalize."

"Salamu kwanza, dada."

"Amne, usimalize hiyo. Maji yana risasi. Inaingia kwenye damu yako, na inapita kwenda kwa mtoto."

Amne aliitazama sahani, kisha akamtazama nduguye, bila hasira.

"Juzi umesimama mbele ya wanaume wazima na kipaza sauti ukasema dhahabu. Leo tuko wawili chumbani, wasema risasi. Mbona hukuisema kwenye kipaza sauti?"

"Nilikuwa sijahakikisha."

"Na dhahabu ulikuwa ushahakikisha?"

Riyama aliinama akavua viatu. Alikuwa ameipima dhahabu mara moja tu.

"Basi na uhakikishe yote," Amne alisema. "Miye nshazika wawili bila kunywa kisima hicho. Ukisha kuniambia kilichowaua wale, nitakusikiliza habari za huyu." Akanywa iliyobaki, akajifuta midomo kwa ncha ya kanga.

Maalim Kheir alimpokea chuoni, akawatoa watoto wakacheze.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na uso wa habari."

Alimweleza yote. Mzee alisikiliza huku akikunja na kukunjua kipande cha mkeka.

"Nambie. Mashine iliyoona dhahabu na iliyoona risasi ni moja?"

"Ni moja, Maalim."

"Na siku ni moja?"

"Siku moja."

"Basi ulitugaia nusu." Hakupandisha sauti. "Kombe la maji yale nimeacha tangu saa hii, nitatumia ya mvua. Lakini kisima sikifungi, wala wewe hukifungi. Bi Zuwena kasema asinyimwe mtu. Nenda kwenye Bodi ya Visima vya Wakfu, wao ndio wenye kauli. Na hao, mwanangu, watataka nusu zote mbili, zilizopimwa na mtu asiyekuwa wewe."

Bodi ilisema hivyo hivyo. Mwenyekiti wake, Bi Sichana, mwanamke mpole aliyezoea kusikiliza bila kujifunga, alimshauri apeleke sampuli bara, kwenye mashine kubwa, ili jambo lisimame kwa miguu yake. Riyama alikubali. Alikuwa amekwisha ona gharama ya kusema kabla ya kuthibitisha, na hakutaka kuilipa tena. Hakufikiri kwamba kunyamaza mpaka kuthibitisha nako kuna gharama, na kwamba safari hii angelipa mtu mwingine. Alikwenda Dar es Salaam na maboksi yake ya barafu, akangoja zamu ya mashine pamoja na watu waliokuja kupima samaki na rangi za nyumba. Mashine iliharibika. Kipuri kilisubiriwa. Kila alipopiga simu Amne alimwambia, "Nshaacha kunywa ya kisima, dada. Tulia." Riyama alitulia.

Kabla ya kuondoka alikuwa amemwachia Talib sumaku na unga uliobaki, aendelee kukamua maji ya karai ili apatikane wa kushuhudia kwamba kazi inafaa. Habari za risasi zilikuwa zimemfikia Talib kutoka chuoni, kwa njia ambayo habari zote hufika mtaani, yaani kwa watoto waliotolewa nje wakacheze.

Aliporudi, majibu mkononi, yenye muhuri wa watu wasiomjua, Riyama alipita kwanza nyumbani. Amne alikuwa amekonda uso, tumbo limeshuka, na alisema mdomo wake una ladha ya sarafu. Kwenye dirisha, penye upepo, palikuwa na jagi la maji lililofunikwa kwa kawa. Yalikuwa meupe kabisa. Riyama aliyamimina katika gilasi mwenyewe, akayanyanyua kwenye mwanga.

"Haya ya wapi?"

"Ya kwako."

"Ya kwangu vipi?"

"Yaliyopita kwenye unga wako. Yamo kwenye mitungi mlangoni kwa msikiti, mtaa mzima unakunywa. Nilisema siwezi kushindana nawe maisha yote. Dada kasema maji machafu, na unga wa dada unayasafisha, basi nnakunywa ya dada." Alitabasamu kidogo. "Hata Sabri amefurahi. Kasema ndivyo ndugu wanavyopaswa kuishi."

Riyama aliirudisha gilasi dirishani taratibu, kama kitu kilichojaa kuliko kilivyokuwa. Unga ule aliuunda yeye, tawi kwa tawi, usiiguse risasi.

Mitungi ilikuwa minne, imepangwa kivulini, kata safi juu ya kila mmoja. Maji ya sebili, bure kwa mpita njia. Talib alikuwa akiujaza wa mwisho.

"Karibu, Bi Riyama! Umekuja kuona thawabu zako?"

"Nani kakwambia unga unatoa risasi?"

"Hakuna. Nimeijua mwenyewe." Aliweka ndoo chini. "Kwetu, dhahabu chafu unaiyeyusha pamoja na risasi ndani ya chungu cha jivu la mifupa. Risasi inabeba uchafu wote, jivu linainywa, dhahabu inabaki peke yake katikati, inang'ara. Babu yangu kafanya hivyo, baba kafanya hivyo. Nikauona unga wako mweusi, nikasema, hili ndilo jivu. Linakunywa risasi."

"Nilikwambia utavipita vyote. Shaba, zinki, risasi. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda hicho hicho."

"Uliniambia." Talib alifikiri. "Nilidhani wajisifu."

Kikongwe mmoja alikuja, akapiga bismillahi, akanywa kata nzima, akamwombea dua mwenye kuweka maji, akaenda zake. Hakuna kati yao aliyewahi kumzuia. Riyama alikuwa amefungua mdomo, lakini hakujua aanze na nusu ipi.

"Mbona hukuyaacha maji baada ya kutoa dhahabu yako?" aliuliza mwishowe.

"Niyaache wapi? Maji ya wakfu hayauzwi, na yakishatekwa hayamwagwi. Nikiyarudisha kisimani nitakuwa nateka yale yale kama mwendawazimu. Ikabaki kuyanywesha. Miye mwenyewe nnakunywa. Wanangu wanakunywa." Sauti yake ilishuka. "Bi Amne ndiye aliyekuwa wa kwanza, nilimpelekea kwa mkono wangu. Nilisema, dada yake hayupo, wacha nimtazamie."

Talib aliimwaga mitungi yote minne siku ile, kinyume cha sharti, na watu watatu wakamshuhudia na kumlaumu. Kesho yake mitungi ilikuwa imejaa tena. Kila nyumba ya mtaa ilikuwa na mtu wa kuteka, na mitungi mitupu mlangoni kwa msikiti ni aibu ambayo hakuna aliyekubali kuonekana ameipita.

Amne alijifungua kabla ya wakati, mtoto wa kiume. Hakulia. Walimtazama kwa muda ambao watu humpa mtoto ili abadili nia, kisha wakamfunika. Daktari, kijana mwenye macho ya kukesha, alisema mambo haya hutokea, hasa kwa mama ambaye yameshamtokea. Riyama aliomba damu ya Amne ipimwe risasi. Hospitali haikuwa na kipimo hicho. Damu ilipelekwa bara, kwenye mashine ile ile iliyowahi kungoja kipuri. Hata damu ikijibu, alijua, itasema tu kwamba risasi imo. Haitasema kwamba ndiyo iliyoua, wala haitasema kwamba wale wawili wa kwanza wangeishi. Maisha yake yote alikuwa amewadharau watu wanaotoa hukumu bila ushahidi, na sasa hakuwa na ushahidi hata wa kujihukumu.

Sabri alimzika mwanawe adhuhuri, kwa watu wachache. Jioni Riyama alikaa chini, karibu na kitanda cha nduguye.

"Amne."

"Usinieleze," Amne alisema, uso ukutani. "Kila ukinieleza, nnakuamini."

Bodi ya Visima vya Wakfu ilikaa kikao maalumu. Riyama alileta majibu ya bara na kuomba mambo mawili: kisima kifungwe na mitungi iondolewe. Alisema risasi kabla ya dhahabu, na alisema kwa sauti ya kutosha hata bila kipaza sauti. Wajumbe walimsikiliza kwa heshima. Kisha mmoja akauliza hiyo dhahabu iliyokwisha tolewa na Talib ni ya nani: ya Talib aliyeikamua, ya masonara waliomwaga, au ya wakfu, kwa kuwa imetoka katika maji ya wakfu? Swali lilipendwa. Lilichukua kikao chote cha asubuhi na sehemu kubwa ya kile cha mchana. Talib, aliyeitwa kutoa maelezo, aliweka mezani kibonge kidogo kama chembe ya mchanga, akasema hakitaki, wakichukue. Kitendo hicho kiliutatiza mjadala badala ya kuumaliza, kwa kuwa mtu hawezi kutoa asichokithibitisha kuwa chake.

Riyama alinyanyuka mara mbili kukumbusha kwamba watu walikuwa wakinywa maji yale wakati huo huo. Mara ya kwanza alijibiwa kwamba imezingatiwa. Mara ya pili Maalim Kheir, aliyealikwa kama mwangalizi, alinyanyuka naye, akasema kwamba Bi Zuwena alikataza kunyima maji na hakuamrisha kunywesha sumu, na kwamba yeye yuko tayari kubeba dhima mbele ya Mungu kikifungwa. Mjumbe wa sheria alieleza kwamba dhima mbele ya Mungu haihamishiki kwa Bodi kwa njia ya maneno matupu.

Magharibi ilipokaribia, Bi Sichana alivaa miwani, akasoma uamuzi kwa sauti tulivu, kama anayemsomea mgonjwa.

"Bodi, baada ya kusikiliza pande zote, na kwa kuzingatia masharti ya mweka wakfu, imeamua kwamba kisima hakitafungwa wala mitungi haitaondolewa. Hata hivyo, kwa ajili ya usalama, maji yake yasitumiwe na wajawazito, ambao kabla ya kuteka watajitambulisha kwa mlinzi wa kisima. Mlinzi ataajiriwa pindi fungu litakapopatikana."